Sijui, Tupime

Kwenye andalio la somo niliandika:
*Mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kueleza mwendo wa jua.*
Mstari mmoja, wino wa bluu, muhuri wa mwalimu mkuu.
Kisha nikalikunja, nikalitia mfukoni,
nikawatoa nje watoto hamsini na wanane
na mpini mmoja wa ufagio.

Tuliusimika kwenye mchanga mgumu nyuma ya vyoo,
pale Kayenze inapoishia na ziwa linapoanza.
Lugata akaning'iniza jiwe kwenye uzi,
akasema mpini umeinama kidogo, upande wa dagaa.
Tukaunyoosha.
Kila robo saa mtoto mmoja aliweka kokoto
ncha ya kivuli ilipogusa.

Walikubaliana: saa sita kamili kivuli kitaisha,
maana saa sita ndiyo jua la utosi, nani asiyejua?
Kengele ikalia.
Kivuli kipo. Shubiri moja na nusu,
kimejinyoosha kuelekea magharibi, hakina haraka na mtu.

Nyanzobe akanitazama kama muuza duka aliyepunja chenji.
"Mwalimu, saa imekosea au jua limechelewa?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari.
Miaka kumi na tisa nimejibu
kabla swali halijapata pa kukaa.
Nikaumeza.
"Sijui," nikasema. "Tupime."

Mkaguzi alitukuta tumelala kifudifudi,
sare zimejaa mchanga, tumeuzunguka mpini.
Hakuna aliyeinuka kumwamkia.
"Darasa liko wapi?" akauliza. "Na nidhamu?"
Nilikuwa nafungua mdomo
Holo akaniwahi, Holo ambaye tangu Januari
sijamsikia sauti ila akiitika jina:
"Shikamoo. Samahani, umekanyaga kokoto ya saa sita na nusu."
Mguu ukaondoka.
"Na kivuli chako umekiacha wapi?"

Mkaguzi akatazama kulia. Akatazama kushoto, akageuka nyuma
kama mtu aliyeibiwa sokoni.
Kilikuwa kimejikunyata chini ya viatu vyake,
kifaranga chini ya mama.
Na mpini, saa saba kasoro dakika tatu,
ulisimama peke yake juani,
bila hata uzi mweusi wa kuufuata.

"Kumbe," akasema.

Ningeweza kufunga kipindi hapo. Kabula hakukubali.
Alikuwa amelipa mgongo jua, anatazama maji.
"Kama linapita utosini namna hii, basi linakunywa ziwa."
"Linakunywa," wakasema wenzake; sufuria wameiona.
"Sasa mbona ziwa limekula vichanja vya mama?
Vile vya dagaa. Vilikuwa pale."
Akaonyesha pale. Pale palikuwa maji.

Mkaguzi akanigeukia.
Neno nilikuwa nalo: tabianchi.
Neno zuri, linajaza mdomo,
na mtoto akishapewa huacha kuuliza.
Nikalirudisha mfukoni, likalala na andalio.

Jumatatu tulikata chupa ya maji, tukaichora milimita,
tukaitega paani pa stoo iinywe mvua.
Tukapiga mstari wa rangi nyekundu kwenye jiwe la Malimi
(ni la Malimi kwa sababu alianguka hapo, akang'oka jino).
Wiki ya kwanza ziwa halikusogea.
Ya pili, nusu kidole juu.
Ya tatu mawimbi yalichafuka, wakagombana:
tupime bonde la wimbi au mgongo wake?
Waligombana mpaka kengele, nami nikakaa kwenye ndoo
nikiwasikiliza, sina kazi.

Ripoti ya ukaguzi imefika juzi.
Nidhamu: wastani.
Zana za kufundishia: mpini wa ufagio.
Chini kabisa, kwa penseli, mwandiko wa mtu mwingine
au wa mtu yuleyule akiwa nyumbani:
*Alama ya jiwe imefikia wapi?*

Nimempa Kabula ajibu.
Amechana karatasi katikati ya daftari, amekaa mlangoni penye mwanga.
Ameanza:
*Bado hatujui, lakini*